Jeneza Nililolipima na Nywele Zako

Mtani wangu Shija,

Barua yoyote huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi. Hali yako naijua, maana mimi ndiye niliyekaza skrubu za jeneza lako. Skrubu nane, na hakuna hata moja iliyokwenda mshazari. Wewe uliyekuwa ukiwaambia wateja wangu kwamba mkono wa mzee umeanza kutetemeka, haya, sema tena.

Naandika mwenyewe. Kabula binti yako alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu, nikakataa. Mimi nilikuwa wa kwanza katika darasa la watu wazima, la ngumbaru, na mwalimu alisema mbele ya watu wote kwamba herufi zangu zinasimama imara kama meza. Tangu siku hiyo sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya kabati, lakini kuandika ni kama kushika patasi, mkono hausahau. Natumia penseli ya kazini. Karatasi ni migongo ya msasa. Madaftari ya wajukuu yana mistari, na wewe unanijua, sipendi kupangiwa mstari.

Huku masika yamekuwa mazito. Leo siku ya nne mlima hatujauona, umejifunika mawingu mpaka miguuni. Kabichi za dada yangu kule juu zimeporomoka na udongo wake. Najua ungesema nini. Ungesema Waluguru wamesahau kuzifunga kamba tena.

Kibanda chako cha kutengeneza redio, kinachogusana ukuta na karakana yangu, kimepangwa na mama mmoja msusi. Ametundika pakiti za rasta za dukani, nyeusi, nyekundu, hata za zambarau, pale pale ulipotundika picha ya yule mfalme wako wa Uhabeshi. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka randa ikaniteleza. Ulizifuga zako tangu ujana, ukafukuzwa na wenye nyumba, ukakosa na mchumba kwa ajili yake, kumbe zipo kwenye pakiti! Mama mwenyewe ni mtu mwema, ananipa shikamoo yangu kila asubuhi. Lakini ukuta umekuwa bubu. Zamani nilijua umefungua kazi kwa kuegemeza kiganja tu. Sasa naegemeza, hola.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Nywele zako zilikuwa fupi bado, zimesimama kama mbigili. Umekumbatia spika moja ya inchi kumi na tano kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ukasema, "Shikamoo fundi. Nataka nyumba ya huyu." Nikakuuliza kabila. Ukasema Mnyamwezi, baba yako aliletwa Morogoro na kazi ya reli. Basi nikakurudishia shikamoo yako. Nikakwambia Mnyamwezi kwangu hasalimii, anabeba. Aanze na mbao zile pale, halafu ndipo tuzungumze. Hukusita hata kidogo. Ukasema, "Mluguru naye ni wa kuagiza watu? Mtu ambaye akidondosha jembe shambani kwake inabidi akaliombe kwa jirani wa chini!" Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo ili acheke. Siku hiyo hiyo tukawa watani kamili, na baina ya Mluguru na Mnyamwezi utani hauna kesi. Utamtukana mwenzio, utamchukulia kofia, hata msibani utafanya vituko, na hakuna wa kununa.

Sanduku la kwanza nilikutengenezea kwa silingi bodi, zile mbao nyepesi za dari, likakoroma. Ulinyamaza kwa adabu. Ndipo nikajua limeharibika, maana wewe kunyamaza si kawaida yako. La pili nikatia mninga mtupu, pembe nikazifunga kwa meno ya mbao bila msumari hata mmoja, na ndani nikatandika sufi niliyoichomoa kwenye godoro letu. Mke wangu alipojua hakusema nami siku tatu. Ukaweka kanda. Muziki wenyewe sikuujua. Mimi niliweka kiganja juu ya ubao, kama ninavyofanya siku zote kutafuta ufa, na besi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Wallahi, Shija, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na sikujua kwamba ubao unaweza kupumua. Watu wengine wote rege imewaingia kwa masikio. Mimi iliniingia kwa kiganja. Ndiyo maana naijua kuliko nyinyi nyote, na hilo nililisema mbele ya Marasta wenzako na sikuona haya.

Kutoka Mikese mpaka Turiani hakukuwa na masanduku kama yangu. Kule Ngerengere, kwenye harusi ile ya mwanajeshi, yalitikisa meza mpaka bibi harusi akashika gilasi yake kwa mikono miwili. Ukasema ni amplifaya yako. Haikuwa amplifaya yako.

Ukanifundisha maneno ya nyimbo, moja moja, kwa Kiswahili. Huu ni wa njaa. Huu ni wa mtu aliyefungwa jela bure. Huu ni wa watu waliochukuliwa kwao wakafanyishwa kazi kama punda. Yote hayo niliyakubali bila ubishi, kwa sababu babu yangu mgongo wake ulivunjikia kwenye mkonge, na hakuna aliyemwimbia. Ila ulipofika kwa mfalme wako, nikasimama. Nikakwambia mfalme ni mtu, mtu hufa, na Mungu hafi wala hatundikwi ukutani kwa gundi. Ukasema, "Mtani, muwa hauliwi bila fundo." Nikakujibu kwamba mimi meno ninayo, utamu nameza na fundo natema. Na wewe je, nikakuuliza, kila mwaka unakuja kwetu maulidi, unakula wali wetu unaacha nyama, dufu likilia mabega yako yanacheza kuliko ya wenyewe, mbona hujasilimu? Ukakuna kichwa. Ulipokuwa ukikuna kichwa ilikuwa kazi ya nusu saa. Ukasema, "Hapo umenikamata."

Na usidhani nilibanwa upande wako tu. Msikitini nako niliulizwa. Sheikh alinivuta pembeni, "Mzee Shabani, hizi ngoma za watu wa nywele zinakufaa nini wewe?" Nikamjibu, "Sheikh, mimi nasikiliza mbao." Akanitazama, akaenda zake. Sikuacha swala kwa ajili ya rege, na sikuacha rege kwa ajili ya mtu. Majani yako ulinikaribisha mara moja, nikakwambia mimi moshi unaonitosha ni wa gundi ya moto, hukunikaribisha tena.

Sasa nafika kwenye lile lililonikalisha kuandika. Hayo mengine ni kelele za kufungulia mlango.

Unajua nilivyokuwa nikiimba. Niliimba kwa sauti, na sauti ninayo, hata wewe ulikiri. Maneno ya Kizungu nilikuwa nayababaisha tu, lakini nilikuwa nayafuata yote isipokuwa moja. Wimbo ukifika pale mnapolitaja jina lile, jina la huyo mfalme mliyemfanya Mungu, mimi nilikuwa nafunga mdomo naguna, mmmm, halafu naendelea na maneno mengine kama hakuna kilichotokea. Kwenye nyimbo nyingine jina linakuja kila baada ya hatua mbili, basi ikawa naguna mwanzo mwisho kama ng'ombe. Nawe kila mara ulikuwa ukigonga ukuta, "Umeruka shimo tena!" Na mimi nikijibu, "Ndiyo, na sijachafua kiatu." Miaka yote hiyo. Wateja walituona wendawazimu.

Jumamosi ile ya mwisho nilikuja kwako na uji usio na chumvi, kama unavyotaka, uji unaonuka unyonge. Kifua kilikuwa kimekubana. Nywele zako Kabula alikuwa amezitandaza juu ya mto na nyingine zimeshuka mpaka sakafuni. Akaweka kanda, ule wimbo wetu wa siku zote. Ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa mwepesi kama kipande cha silingi bodi, Shija, nilitaka kuutupa nikimbie. Ukasema, "Mtani, leo usiruke. Nitajie mara moja tu."

Wimbo ukafika mahali pake. Nikafungua mdomo.

Nikaguna.

Ukageuza uso ukutani. Nikakaa pale mpaka kanda ikaisha upande wa kwanza, nikaaga, hukuitika. Jumatatu asubuhi Kabula akanipigia simu, na kabla hajasema nilikuwa nimekwisha kukaa chini.

Mtu anakufa anakuomba neno moja dogo, nawe unambania. Nilijisemea: lingekuua? Halafu nikajijibu: ningelisema kwa uongo, na mimi sijawahi kukuuzia ubao wa uongo. Nikarudi tena nikajisemea: mtu anakufa, mzee, nani anapima ubao saa hiyo? Ndivyo nilivyokuwa nikizunguka. Mke wangu alisema niende nikapimwe presha.

Nikuambie ya mazishi, maana uliyakosa ingawa ulikuwepo.

Nilikuja kukupima kwa tepu. Nikaanza miguuni, nikapanda, goti, kiuno, bega. Nilipofika utosini mkono haukusimama. Nilikuwa nimeziita zile nywele ufagio, nimeziita kiota, nimeziita kamba ya kufungia mbuzi, lakini mkono ukaenda nazo. Nikaongeza shubiri nzima ya mninga. Sikumwambia mtu.

Siku ya maziko nikaleta jeneza kwa guta, baiskeli ya magurudumu matatu, mpaka uani kwako. Nakuta kaka yako Maganga amefika kutoka Tabora, na suti yake na cheo chake cha uzee wa kanisa, ameshika mkasi. Anasema, "Mdogo wangu ataingia kaburini kama alivyotoka kwa mama yetu. Hizi kamba zinabaki juu." Wenzako Marasta wamesimama kwenye ua, wamenyamaza, maana wao si ndugu, watasema kama nani? Kabula naye ni mtoto, atamjibuje baba yake mkubwa mbele ya msiba? Alinitazama mimi tu. Akasema, "Babu."

Nikaona wote wamebanwa na adabu isipokuwa mtu mmoja. Mimi mtani.

Nikavua kofia. Nikavua viatu. Nikapanda kwenye jeneza lako pale pale uani, nikalala, nikanyoosha miguu. Mimi na wewe tulikuwa urefu mmoja, hilo hata ukikataa, ukuta wa karakana una alama zetu. Kichwa changu hiki cha upara kikabaki na nafasi kubwa juu yake, hata kuku angeweza kutagia. Nikapaza sauti, "Oneni wenyewe! Hili nimelipima na nywele zake. Mkimnyoa, njia nzima atakuwa anagonga humu ndani kama njiti moja kwenye kiberiti, na watu watauliza jeneza hili bovu katengeneza nani? Jina langu mtalisafisha nyinyi? Sitoki humu mpaka nipewe huo mkasi. Na kama hamtaki, haya, nyinyi si ndio wabebaji, nibebeni mkanizike mimi!"

Halafu shangazi yako, yule mnene wa Urambo, aliyekuwa akilia tangu jana yake mpaka sauti imekauka, akasema, "Leteni kifuniko! Mluguru kajileta mwenyewe!" Mwingine akadakia, "Msimzike tambarare, hatapata usingizi, hajazoea!" Wanawake wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Wakanimwagia maji, wakanitupia kanga, mmoja akanivuta kidole gumba cha mguu kuhakikisha kama nimekufa kweli. Maganga alikaza midomo. Nilimwona kutoka kule chini, kidevu kinamtetema. Halafu kikamponyoka kicheko, kikubwa, kicheko chako kabisa, nikadhani ni wewe. Na unajua sheria: mfiwa akishacheka kwa kituko cha mtani, neno limekwisha. Akanitupia mkasi tumboni. "Chukua, mchawi wewe." Ninao hapa mezani. Nakatia msasa.

Lakini nikuambie jambo ambalo wale waliocheka hawakulijua. Mle ndani kuna utulivu, Shija. Mninga unanukia, na kelele za watu zinakuja kwa mbali kama ngoma ya mtaa wa pili. Nikafikiri, hapa ndipo. Nimelala palepale atakapolala, hakuna anayenisikia, nimlipe neno lake. Nikafungua mdomo.

Ikatoka mmmm.

Kabula ndiye aliyenipa mkono nikatoka. Ukaingia wewe. Ukaenea sawasawa, hukugonga popote.

Wiki mbili zilizopita tulisoma arobaini yako, ingawa wewe mwenyewe sijui ungeiitaje. Watu walipotawanyika Kabula akaja karakana na chai kwenye chupa. Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu hata mke wangu. Nikamwambia, mjukuu wangu, baba yako aliniomba kitu kidogo nikamnyima, na akageuka ukutani, na ndivyo tulivyoagana. Akanitazama kama ninasema Kichina. Akasema, "Babu, si alikuwa anacheka? Aligeuka ili usimwone. Ulipotoka tu akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Akasema, 'Nilikuwa namjaribu. Angelitaja leo, ningejua keshanizika.'"

Kwanza nilikasirika. Wallahi nilikasirika! Siku arobaini silali, nakula kidogo, nimepimwa presha, kumbe mwenzangu alikuwa anacheka na ukuta! Ningekuwa na uwezo ningekufukua nikufinye. Halafu nikaweka kikombe chini, kwa sababu chai ilikuwa inamwagika. Sitaki kusikia habari za mkono kutetemeka. Ilikuwa chai ya moto.

Sijui kama ni kweli alivyosema au ananipoza. Ana ulimi wako yule. Lakini lile neno "keshanizika" ni lako, na yeye hakulitafuta, lilimtoka tu. Nimeamua ni kweli. Na nikiamua unajua.

Basi moyo ulipotulia, nikaona kingine kilichokuwa kimejificha nyuma yake, na hiki hakuna wa kunipozea. Adhana ilipolia, wewe ulizima redio. Kila adhana. Hata wimbo uwe umefika pale patamu penye besi inayotembea peke yake, hata mteja awe amesimama anajaribu spika, uliuzima, ukakaa, ukawasha sheikh alipomaliza. Sikukuomba. Siku ya kwanza nilidhani umeme umekatika. Na kila Jumamosi alasiri wenzako walipokuja na ngoma zao tatu, mkakaa uani nyuma ya kibanda, mkainamisha vichwa kuomba kwanza kabla ya kupiga, mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napigilia. Sikumbuki kama mwanzoni nilifanya makusudi. Labda. Baadaye ilikuwa mazoea. Kitanda hakiwezi kungoja, kabati haliwezi kungoja. Nawe uliyekuwa ukigonga ukuta kwa kila shimo nililoruka, kwa hilo hukuwahi kugonga.

Wenzako sasa hawana mahali, msusi anauhitaji ua kukaushia taulo. Nimewapa uwanja wangu wa nyuma, penye mbao zinazokauka. Wameniuliza sharti. Nimewaambia sharti ni moja, wasiguse mninga. Jumamosi iliyopita walikuja, wakainamisha vichwa. Nyundo ilikuwa hewani. Nikaishusha, nikaiweka juu ya benchi polepole isilie. Sikuinama nao, usije ukajisifu huko. Nilikaa tu na kiganja juu ya ubao mpaka ngoma ya kwanza ilipokuja. Ilikuja, Shija. Ikapanda mpaka kwenye kiwiko.

Masanduku yako mawili Kabula ameyaleta kwangu, anasema yamerudi kwa baba yao. Nimeyapiga vanishi upya. Bado hayana ufa.

Ahadi yangu ni hii. Jina lile sitalitaja, hata siku yangu ikinikuta, ili ujue mpaka mwisho kwamba sijakuzika. Nyimbo nitaziimba zote, na nikifika kwenye shimo nitaruka, nawe popote ulipo gonga. Na Jumamosi nyundo italala. Hilo sikuahidi mbele ya watu. Nakuahidi wewe.

Pumzika, Mnyamwezi wangu. Jinyooshe, nafasi ipo.

Barua hii naikunja mara tatu na kuipitisha kwenye tundu la sanduku la kushoto. Besi ikianza itakuwa inatetema humo ndani, msasa na ubao. Unajua maisha yangu yote sijaruhusu kitu chochote kitetemeke ndani ya sanduku langu. Hiki nakiacha.

Mimi mtani wako,
Shabani, fundi seremala wa Mwembesongo,
mkono bado imara.